Alexander Woollcott: mhakiki wa tamthilia aliyezuiliwa mlangoni mwa ukumbi, na bado hakunyamaza

Mleta uzi

Wakuu, heshima mbele.

Kila inapotajwa ile meza ya chakula cha mchana ya hoteli ya Algonquin, New York, watu hukimbilia kwa mwandishi Dorothy Parker. Wana haki, mama yule alikuwa moto. Lakini jirani yake alikaa jamaa mmoja mnene, mwenye miwani mizito na ulimi wa pilipili, na huyo hutajwa kwa mstari mmoja halafu basi. Jina lake Alexander Woollcott. Nimemsoma kwa muda mrefu sasa na naona anadhulumiwa. Kejeli zake ndizo zinazonukuliwa, wakati kilichomfanya astahili heshima ni kitu kingine: mara mbili wenye fedha walimtaka afunge mdomo, na mara zote mbili alikataa. Nitashusha kidogokidogo, mnivumilie.

Alizaliwa 19 Januari 1887 huko New Jersey, karibu na mji wa Red Bank, kwenye jengo lenye historia yake. Mwaka 1843 palianzishwa pale jumuiya ya ujamaa iliyofuata mafundisho ya Mfaransa Charles Fourier, ikiitwa North American Phalanx. Watu walilima pamoja, wakala pamoja, wakagawana mapato. Haikufika mbali. Mwaka 1854 vinu vyao viliungua, na muda si mrefu jumuiya ikavunjika. Ukoo wa mama yake, akina Bucklin, wakabaki na lile jumba kubwa, na ndimo mtoto Alexander alimozaliwa, katikati ya mashangazi, wajomba, vitabu na maigizo ya nyumbani. Baba yake, Mwingereza, alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, na fedha nyumbani zilikuwa za kuungaunga.

Akasoma Hamilton College, jimbo la New York, akamaliza 1909. Baadaye akaugua matubwitubwi yaliyomwachia athari za maisha. Hakuoa, hakupata mtoto. Akaingia gazeti la The New York Times kama ripota wa kawaida, na mwaka 1914, akiwa na miaka 27, akakabidhiwa kiti cha mhakiki wa tamthilia.

Kiti hicho nyakati zile kilikuwa kizito, na inabidi mwelewe kwa nini. Hakukuwa na redio majumbani, sinema zilikuwa bado hazina sauti. Burudani kubwa ya mjini ilikuwa jukwaa. Pazia linashuka karibu saa tano usiku, mhakiki wa gazeti la asubuhi anatoka mbio kwenda chumba cha habari, ana kama saa moja ya kuandika kabla mtambo haujaanza kuchapa. Asubuhi mwenye onyesho anafungua gazeti akijua kuwa aya tatu zile zinaweza kumjazia ukumbi au kumfungia. Sasa fikiria kijana wa miaka 27 ndiye anayeshika kalamu hiyo.

Nitaendelea na kesi.

KitiChaNyuma

Mkuu nimeweka kambi. Shusha.

Mleta uzi

Haya, kesi.

Machi 1915 ndugu wawili wa ukoo wa Shubert, Lee na Jacob, walikuwa tayari wameshika kumbi nyingi za New York na miji mingine. Tarehe 17 Machi walifungua vichekesho viitwavyo Taking Chances. Woollcott akaenda, akaandika kwamba onyesho halichekeshi sana na sehemu nyingine linachosha. Hakutukana mtu. Ukiisoma leo utajiuliza hasira ilitoka wapi.

Akina Shubert wakalitumia gazeti tiketi za onyesho lililofuata pamoja na ombi: safari hii tuleteeni mhakiki mwingine. Uongozi wa Times ukajibu kwamba nani aandike ni kazi ya gazeti, si ya mwenye ukumbi. Woollcott akanunua tiketi kwa fedha ya mfukoni, akaenda, akazuiliwa mlangoni.

Hapa ndipo ninapompa sifa na mwenye gazeti, Adolph Ochs. Akina Shubert walikuwa wateja wakubwa wa matangazo. Ochs akayakataa matangazo yao yote, akamsimamia Woollcott kuwashtaki mahakamani kwa gharama ya gazeti. Mahakama ya kwanza ikatoa zuio: mruhusuni aingie. Akaingia, akakaa kitini kwake kama kawaida. Rufani ikageuza, na Februari 1916 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ikasema mwenye ukumbi ana haki ya kumkatalia.

Kwa hiyo alishindwa kisheria. Ila mtaani alishinda. Kesi ilizungumzwa mwaka mzima, jina lake likawa kubwa kuliko la waigizaji wengine aliokuwa akiwahakiki, na Times wakampa nafasi pana zaidi. Akina Shubert nao wakagundua kwamba kukosa kutajwa na gazeti lile ni hasara kuliko kutajwa vibaya. Wakarudi wenyewe, milango ikafunguliwa, na Krismasi wakamtumia boksi la sigara kubwa.

Mwanasheria_Mstaafu

Kijana, umenigusa penye kazi yangu ya zamani, niongeze kidogo.

Kesi hiyo ni Woollcott dhidi ya Shubert, na hoja yake inasikitisha ukiitazama kwa karibu. New York tayari ilikuwa na sheria ya haki za raia iliyokataza mahali pa starehe kumkatalia mtu kwa sababu ya rangi, asili au imani yake. Mawakili wa mhakiki walitaka kinga hiyo imfunike naye. Mahakama ikasema hapana: sheria imetaja rangi, asili na imani, huyu hakufukuzwa kwa lolote kati ya hayo. Kafukuzwa kwa aliyoyaandika. Ukumbi ni biashara ya mtu binafsi, tiketi ni ruhusa tu, na mwenye nayo anaweza kuiondoa ruhusa yake na kukurudishia fedha.

Na hata hicho kifungu cha rangi, kwa vitendo watazamaji weusi waliendelea kupangiwa viti vya roshani ya juu miaka mingi baadaye. Sheria ilikuwepo vitabuni.

Robo karne ilipita. Mwaka 1941 New York ikatunga kifungu kipya: mtu mzima mwenye tiketi halali, asiyefanya fujo, asikataliwe kuingia kwenye jumba la tamthilia. Woollcott alikuwa bado hai. Kwa hiyo alichokiomba mahakamani, watunga sheria walikuja kukitoa.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, hiyo ya 1941 inaukamilisha uzi kabisa, nilikuwa naitafutia pa kuiweka.

Naendelea. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Woollcott alijiandikisha kwa hiari ingawa macho yalikuwa mabovu na mwili haukuwa wa kijeshi. Alipelekwa hospitali ya jeshi huko Savenay, Ufaransa, akawa sajini wa kitengo cha tiba. Ile picha ya bwana mkubwa wa kejeli watu hawaioanishi na mtu wa kuhudumia majeruhi, lakini ndiko alikoanzia vita yake. Kisha akahamishiwa Paris kwenye gazeti la wanajeshi, Stars and Stripes, ambako mhariri wake alikuwa Harold Ross, yule yule aliyekuja kuanzisha jarida la The New Yorker mwaka 1925.

Aliporudi, Juni 1919, mawakala wawili wa matangazo ya maonyesho, Murdock Pemberton na John Peter Toohey, wakamwandalia chakula Algonquin. Haikuwa heshima, ilikuwa kisasi cha utani. Toohey alikuwa ameudhika kwamba Woollcott hakutaka kumpigia debe mteja wake, mwandishi mchanga aitwaye Eugene O'Neill. Basi wakaalika waandishi wa magazeti yote, wakalikosea jina lake kusudi kwenye maandishi, na walivyomjua kwa hadithi zake za vita zisizoisha, wakamfanyia mzaha wa wazi. Yeye akafurahi kupita wote! Mmoja akasema, kwa nini tusile hapa kila siku? Ikawa hivyo karibu miaka kumi: Parker, Robert Benchley, George S. Kaufman, Edna Ferber, Heywood Broun, Franklin P. Adams, na baadaye Harpo Marx.

Na Harpo ndiye mfano wangu wa kuonyesha jicho la Woollcott. Mei 1924 ndugu wa Marx walifungua onyesho lao la kwanza Broadway, I'll Say She Is. Walikuwa watu wa majukwaa ya mikoani, vichekesho vya kukimbizana na kupigana. Woollcott, akiwa tayari ameacha Times, aliliandikia gazeti la Sun usiku ule. Wengine walikuwa wakisikiliza maneno ya Groucho, nduguye Harpo, yeye akamkazia macho yule asiyesema neno. Akaandika juu ya Harpo kama mtu anavyoandika juu ya msanii mkubwa, si mchekeshaji. Kesho yake akaenda nyuma ya jukwaa kumwona, na urafiki wao haukukatika mpaka kifo. Harpo alipomlea mtoto wa kiume, jina la kati la mtoto likawa Woollcott.

Chai_ya_Rangi

Kaka uzi mtamu, ila niulize kwa heshima. Mimi nimesoma kwamba jamaa alikuwa chawa. Akimpenda mtu anammwagia sifa mpaka inakera, asiyempenda anamchinja. Huo ni uhakiki au ni ushabiki?

Mleta uzi

Dada, swali zuri, na sitalikwepa.

Ni kweli sifa zake zilikuwa zinafurika. Mwaka 1917 aliandika kitabu kizima juu ya mwigizaji Minnie Maddern Fiske. Alilia ukumbini bila kujificha, na aya zake nyingine zina sukari ambayo msomaji wa leo haiwezi. Baadaye, alipokuwa maarufu, aliweka jina lake hata kwenye matangazo ya wiski. Hayo yapo.

Na alikosea penye makubwa. Yule O'Neill niliyemtaja, mwaka 1928 alileta Strange Interlude, tamthilia ya kama saa nne na zaidi yenye mapumziko ya kwenda kula. Woollcott, ambaye wakati huo alikuwa gazeti la World, aliishambulia kwenye jarida jingine kabla hata haijafunguliwa. Gazeti lake likaona hapo hakuna haki tena, likampa mtu mwingine aihakiki. Tamthilia ikachukua tuzo ya Pulitzer, na mwaka huo huo Woollcott akaondoka World. Mtu aliyepigania haki ya mhakiki kuingia ukumbini hakupaswa kuhukumu onyesho kabla ya usiku wake wa kwanza. Silitetei hilo.

Ila chawa husifu kwa kulipwa au kwa kuogopa. Huyu alisifu kwa sababu alichokiona kilimshika kweli, na alikuwa tayari kugombana na rafiki asubuhi baada ya kula naye jana. Edna Ferber waligombana mpaka wakaacha kusemezana, na mama yule alimwita Nero wa New Jersey. Ross naye urafiki ulivunjika ingawa Woollcott alikuwa na safu yake kwenye The New Yorker, Shouts and Murmurs, kuanzia 1929 hadi 1934. Chawa hapotezi marafiki wa aina hiyo.

Nikupe na kisa kimoja kidogo ambacho Ferber mwenyewe alikisimulia. Oktoba 1926, usiku wa ufunguzi wa onyesho fulani, mtunzi wa muziki Jerome Kern alimfuata Woollcott wakati wa mapumziko. Alitaka kukutanishwa na Ferber, kwa sababu amesoma riwaya yake Show Boat na anataka kuigeuza tamthilia ya muziki. Woollcott akajibu kwa uzito kwamba litakuwa jambo gumu, inahitaji mipango ya taratibu. Halafu akageuka akapiga kelele katikati ya watu: Ferber, we Ferber, njoo hapa! Mama alikuwa amesimama hatua chache tu. Kutoka kelele hiyo, mwaka 1927 dunia ikapata Show Boat.

BahariShwari

Na Ol' Man River, ule wimbo wa Show Boat, je? Maana mwimbaji mweusi wa Marekani, Paul Robeson, ndiye aliyeubeba.

Mleta uzi

Umenipeleka ninapopapenda.

Woollcott alimfahamu Robeson mapema na alimheshimu kwa dhati. Alisimulia kwamba siku moja Kern alimpigia simu anatafuta anwani ya Robeson, ametoka kuutunga wimbo na hawezi kusubiri mtu aliyeutungia ausikie. Robeson aliuimba jukwaani London mwaka 1928, na tangu hapo wimbo ukawa wake.

Kwenye mkusanyo wa makala While Rome Burns, uliotoka 1934 na kuuzwa sana, Woollcott ana makala juu ya Robeson. Kumbukeni ilikuwa Marekani ya mwaka gani. Anamwandika kama mtu aliye mkubwa kuliko wengi aliowahi kukutana nao, bila ile lugha ya kumbembeleza mtu mweusi kama mtoto ambayo magazeti yalijaa wakati ule. Mapambo ya lugha yapo, ndio, yeye ni yeye. Na kwa faida ya jukwaa letu: ni miaka hiyo hiyo ya 1930 Robeson aliposoma Kiswahili London, kwenye chuo ambacho leo tunakijua kama SOAS. Aliamini sauti yake lazima irudi kwenye lugha za Afrika. Huyo siku moja tumfungulie uzi wake.

Sasa mara ya pili alipotakiwa kunyamaza.

Baada ya kuacha uhakiki wa kila siku, Woollcott aliingia redio. Kipindi chake kwenye kituo cha CBS kiliitwa The Town Crier. Kengele ya mkono inalia, sauti ya mpiga mbiu inaita watu wasikilize, halafu anaingia yeye: Woollcott anazungumza. Ni simulizi tu: kitabu alichosoma, mauaji ya kale, mwigizaji mzee aliyesahauliwa, mbwa wa kuwaongoza vipofu ambao aliwachangishia fedha. Mamilioni walimsikiliza. Akikisifu kitabu redioni, maduka yanaishiwa. Riwaya fupi ya James Hilton, Goodbye, Mr. Chips, ilipata mbio zake Marekani kwa kiasi kikubwa kupitia mdomo wake.

Mdhamini wake alikuwa kampuni ya uji wa ngano, Cream of Wheat. Woollcott alikuwa akichomekea maneno makali juu ya Hitler na Mussolini. Mwaka 1935 mdhamini akamwomba aache, kisiudhi kikundi chochote cha wateja. Akakataa. Kipindi kikaondolewa hewani.

Tuliangalie kwa utulivu. Mwaka 1935. Marekani nzima haikutaka kusikia habari za vita vya Ulaya. Wasomi wazito walikuwa wanapima maneno. Aliyekataa kupima ni huyu mnene wa vichekesho, na alilipia kwa kazi. Alikuja kurudi redioni baadaye, lakini siku ile hakuwa na hakika yoyote ya kurudi.

KitiChaNyuma

Mkuu mbona hujagusa The Man Who Came to Dinner? Mimi ndiko nilikomjulia, kwenye filamu.

Mleta uzi

Nilikuwa naiacha makusudi kwa sababu naamini ndiyo iliyomzika.

Woollcott alikwenda kumtembelea mwandishi wa tamthilia Moss Hart shambani kwake Pennsylvania. Akachukua chumba cha mwenye nyumba, akaamrisha watumishi, akalalamikia kila kitu, na kwenye kitabu cha wageni akaandika kwamba ule ulikuwa mmoja wa nyakati mbaya kabisa alizowahi kuwa nazo. Hart akamsimulia Kaufman, mwenzake wa kuandika tamthilia, na kumwambia: hebu fikiria angevunjika mguu akalazimika kubaki! Wakatazamana, wakaanza kuandika. Onyesho lilifunguliwa Oktoba 1939 na kuchezwa mara 739. Mhusika wao, Sheridan Whiteside, ni Woollcott mtupu: mgeni aliyekwama kwenye kiti cha magurudumu akiwatesa wenyeji wake.

Mwenyewe hakukasirika. Aliomba kuicheza nafasi ile, na mwaka 1940 akazunguka nayo pwani ya magharibi ya Marekani, mpaka moyo ukamwangusha San Francisco. Alipopata nafuu akarudi jukwaani. Filamu ikatoka 1942, Monty Woolley akimcheza Whiteside.

Tatizo ni kwamba Whiteside amebaki, Woollcott ametoweka. Kazi yake ilikuwa ya usiku mmoja: uhakiki unaosomwa asubuhi, sauti inayopotea hewani. Hakuacha riwaya wala tamthilia kubwa. Alizoandika na Kaufman, The Channel Road ya 1929 na The Dark Tower ya 1933, hazikudumu. Kwa hiyo kilichobaki ni mhusika wa kubuni, na mhusika huyo amechukua ulimi wake wote bila kuchukua uti wa mgongo.

Chai_ya_Rangi

Aliishaje?

Mleta uzi

Usiku wa 23 Januari 1943 alikuwa studio ya CBS, New York, kwenye mjadala wa redio wa watu watano: je, Ujerumani inaponyeka? Kati yao alikuwepo mwandishi Rex Stout. Woollcott alisema ni makosa kudhani Hitler ndiye chanzo cha maafa ya dunia. Ujerumani ndiyo iliyomzaa Hitler. Dakika chache baadaye akaandika kwenye karatasi kwamba anaumwa. Walimtoa nje huku mjadala ukiendelea, na wasikilizaji walichokigundua ni kwamba leo Woollcott kakaa kimya mno. Alifariki usiku huohuo, miaka 56.

Majivu yake yalitakiwa yazikwe Hamilton College, iliyoko mji wa Clinton. Yakapelekwa kwa makosa chuo cha Colgate, kilichoko mji uitwao Hamilton. Colgate wakayatuma kunakotakiwa, na yakafika yakiwa na deni la stempu la senti 67.

BahariShwari

Mkuu, kwa anayetaka kuanza kumsoma, aanzie wapi?

Mleta uzi

Anza na While Rome Burns. Ruka za mauaji mwanzoni, nenda moja kwa moja kwenye ya Robeson, halafu zile za waigizaji. Kisha mwambie mzee wetu Mwanasheria akuelekeze hukumu ya 1916, ni fupi na inasomeka. Mchango wa Edmund Wilson aliouandika baada ya kifo chake nao utafute: Wilson, mhakiki mgumu asiyebabaika na sifa, alimrudisha Woollcott mpaka kule kwenye jumba la wajamaa wa New Jersey na kumtafutia maana yake pale. Mimi nakubaliana naye. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba iliyojengwa na watu walioamini kitu, hata kama kilishindikana, haikuwa rahisi kumfundisha kunyamaza kwa sababu ya tangazo la uji.

Mwanasheria_Mstaafu

Hukumu ninayo. Kesho asubuhi nitawawekea hapa muhtasari wa hoja za pande zote mbili, na ile sheria ya 1941 tuipitie kifungu kwa kifungu.